Nimetoka likizo kichwa cheupe: maswali ya madaktari watarajiwa

Vyuo vimefunguliwa na barua zimeanza kumiminika, safari hii karibu zote zimetoka kwa wanafunzi wa udaktari waliorudi toka nyumbani. Nyingine zinafanana mpaka nikahisi zimeandikiwa bweni moja, kwa hiyo nimechagua chache tu, na zilizokuwa ndefu kupita kiasi nimezikata, mtanisamehe. Twende.

SWALI: Shikamoo dokta. Mi niko mwaka wa tatu, ndo tumeanza kuingia wadini baada ya likizo ndefu. Nyumbani sikufungua hata desa moja, vitabu nilivyobeba vilienda vikarudi kama vilivyo. Sasa raundi ya kwanza tu tukasimama kwa mgonjwa wa kiharusi, mdomo umeenda upande, bosi akanigeukia mimi kati ya watu wote akauliza, kwa nini huyu mdomo umepinda ila paji la uso anaweza kulikunja vizuri tu? Nilikaa kimya mpaka nesi akanionea huruma. Neva za kichwa nilizisoma mwaka wa kwanza na nikafaulu vizuri sana, sa hivi nikijaribu kuzitaja zote 12 nafika ya tano naanza kuchanganya. Wenzangu wanadai walikuwa wanapiga msuli likizo nzima. Nahisi miaka miwili yote imepotea. Nirudie anatomia yote toka mwanzo au nifanyeje maana muda wenyewe hakuna? – Mwaka wa tatu, wadi ya wanaume

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hao wanaodai walipiga msuli likizo nzima waache walivyo, kila mwaka wapo, na wengine wao kwenye sapu tunawakuta vilevile.

Swali lako kubwa ni kama miaka miwili imepotea. Haijapotea. Mwaka 1885 Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alichapisha kazi aliyojifanyia mwenyewe, anakariri orodha za silabi zisizo na maana yoyote, anaziacha, halafu baada ya muda anajipima. Aliona mambo mawili. La kwanza wengi tunalijua, kwamba kusahau kunaenda mbio sana saa na siku za mwanzo halafu mwendo unapungua. La pili halisemwi sana na ndo linalokuhusu we: orodha aliyoona ameisahau, akiirudia, aliikamata kwa muda mfupi kuliko mara ya kwanza. Kwa hiyo kile kitabu cha neva kilichokula mwezi mzima mwaka wa kwanza sa hivi hakitakula mwezi, sharti tu uanzie pazuri.

Na hapa ndo wengi mnapokosea. Mtu akitoka likizo akiona kichwa cheupe anakimbilia kufungua kitabu ukurasa wa kwanza, kalamu ya rangi mkononi, anapaka njano mpaka karatasi inabadilika sura, anasoma mara ya pili, ya tatu, anajisikia vizuri kweli maana kila sentensi anaiona "aah hii naijua". Kuijua ukiiona na kuitoa kichwani bosi amekukazia macho ni vitu viwili tofauti kabisa! Kuna utafiti wa 2006 wa Roediger na Karpicke huko Marekani, wanafunzi walipewa maandishi wasome, wengine wakasoma tena na wengine badala ya kusoma tena wakaambiwa waandike wanachokumbuka bila kuangalia. Walipopimwa baada ya dakika 5 waliosoma tena wakaongoza. Walipopimwa baada ya wiki, mambo yakageuka, waliojilazimisha kukumbuka wakawa mbele. Ndo maana kusoma kwa kurudiarudia kunadanganya watu wengi, usiku wa kuamkia pepa kunaonekana kunafanya kazi, na wadini pepa haina tarehe.

Sasa fanya hivi, na anza leo jioni. Usiguse anatomia yote, chukua mgonjwa mmoja tu uliyemuona leo, huyohuyo wa kiharusi. Chukua karatasi tupu, funga kitabu, zima simu, andika kila unachokumbuka kuhusu neva ya saba, ile ya uso, inatoka wapi, inapita wapi, inafanya nini. Utaandika mistari minne utakwama, na hapo ulipokwama usikimbie, kaa napo dakika mbili tatu ukune kichwa, maana huko kuhangaika ndo kunakofanya kazi. Halafu sasa fungua kitabu, jaza mapengo kwa kalamu ya rangi nyingine ili uone kipi kilikuwa chako na kipi umekopa. Kesho rudia bila kuangalia, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Vile ulivyovipata mara zote achana navyo, muda wako upe vile vinavyokutoroka.

Hilo swali la bosi nalo tulimalize hapahapa. Kiini cha neva ya saba, yaani pale inapoanzia, kiko kwenye shina la ubongo, na ile sehemu yake inayohudumia paji la uso inapokea amri kutoka pande zote mbili za ubongo, wakati sehemu inayohudumia mdomo inategemea zaidi upande wa pili peke yake. Kiharusi kikipiga upande mmoja kule juu, mdomo unakosa amri unalegea, ila paji bado linapata amri kutoka upande uliopona, kwa hiyo linakunjika kama kawaida. Kama neva yenyewe ndo imeumia baada ya kutoka kwenye kiini, mfano ile inayoitwa kupooza kwa Bell, hakuna wa kuokoa jahazi, nusu nzima ya uso inalala, paji halikunjiki na jicho halifungi. Kesho nenda kwa mgonjwa wako mwambie ainue nyusi kama mtu aliyeshangaa, afumbe macho kwa nguvu wakati we unajaribu kuyafungua taratibu, aonyeshe meno, ajaze hewa mashavuni. Dakika moja imeisha na hutasahau tena, maana sasa ile neva ina sura ya mtu na ina kitanda chake. Ila kaa na tahadhari hii, kiharusi kikipiga kiini chenyewe pale kwenye shina la ubongo uso unaweza kulala wote, kwa hiyo paji kutokunjika peke yake kusikufanye umwambie mtu "we huna kiharusi". Muangalie mikono, miguu, macho, mwendo.

Namna hiyohiyo nenda nayo kwingine. Ukipangiwa wadi ya mifupa, ukimkuta aliyevunjika mfupa wa mkono wa juu katikati, mwambie anyanyue kiganja. Kikining'inia, jioni kaa uchore bila kuangalia kitabu ule mtandao wa neva za mkono, C5 mpaka T1 (neva za uti wa mgongo, kutoka shingoni mpaka juu ya kifua), mizizi mitano, vigogo vitatu, migawanyiko sita, kamba tatu, matawi makubwa matano, halafu fuata kwa kidole njia ya neva ya radiali, ile inayonyanyua kiganja, mpaka pale inapouzunguka ule mfupa. Mwaka wa kwanza uliuchora huo mchoro ukiwa huna hata mtu wa kumfikiria, sasa hivi unaye.

Mwisho, ule ukimya. Bosi akiuliza usikae kama umegandishwa, toa ulichonacho: "Inayohusika ni neva ya saba bosi, na kwa kuwa paji limepona nadhani shida iko juu, ila sababu yenyewe siikumbuki." Hapo atakufundisha badala ya kukukaanga. Na afadhali useme "sijui" mara mia kuliko kutunga. Ukiulizwa refleksi zikoje (ule mguu kuruka ukigongwa gotini) na hukuzipima, sema hukuzipima. Mwanafunzi aliyesahau tunamvumilia, anayetunga majibu ya vipimo ambavyo hakufanya huyo hapana, kuna siku mtu ataandikiwa dawa kwa sababu ya huo uongo.

SWALI: Dokta habari. Mi niko mwaka wa pili tu lakini nyumbani wote wananiita daktari, mpaka majirani. Likizo nzima nilikuwa naletewa karatasi za vipimo, vidonda, macho ya watoto, na sasa nimerudi chuo wanatuma picha WhatsApp usiku. Shida kubwa ni shangazi yangu, anameza dawa za presha miaka mingi, anasema anajisikia mzima na dawa zinamchosha, anataka nimruhusu aache. Nikikataa kujibu wanasema nimeanza kuringa. Nifanyeje? – Daktari wa ukoo

JIBU: Pole daktari wa ukoo, hicho cheo kila mmoja wetu amekibeba na hakina mshahara.

Tuanze na shangazi maana yeye ndo wa haraka. Asiache. Na hilo unaweza kumwambia bila hofu yoyote maana si kumtibu, ni kumzuia asijiumize. Presha kwa sehemu kubwa haina dalili, mtu anaweza kutembea nayo juu kabisa akajisikia freshi, na wengi wanajisikia wazima kwa sababu dawa zinafanya kazi yake. Kujisikia mzima si kipimo. Lakini usiishie hapo, maana kasema kitu kingine ambacho watu wanakiruka: dawa zinamchosha. Hilo ni lalamiko halali. Muulize linaanza saa ngapi, anapata kizunguzungu akisimama, anakohoa, miguu inavimba, alafu mwambie ayabebe hayohayo kwa daktari wake, dawa za presha ziko za aina nyingi na kubadilisha au kupunguza kunawezekana. Tofauti ni kwamba anabadilisha aliyemuandikia, siyo mpwa wake wa mwaka wa pili.

We kazi yako iko, na ni nzuri kuliko kuandika dawa. Mfundishe kupima presha sawasawa, maana kelele nyingi za presha majumbani zinatokana na kupima vibaya. Asipime ametoka kunywa kahawa au kuvuta sigara au kupanda ngazi, apitishe kama nusu saa hivi. Aende haja ndogo kwanza. Akae kwenye kiti chenye egemeo dakika 5 bila kuongea, nyayo chini, asipishanishe miguu, mkono aulaze mezani usawa wa moyo, kile kitambaa kifungwe kwenye ngozi na siyo juu ya sweta. Apime mara mbili akipishanisha dakika moja, aandike zote kwenye daftari na tarehe. Daktari wake akiletewa daftari la hivyo la wiki mbili atakushukuru bila kukujua. Na mwambie yeye na walio naye nyumbani, uso ukienda upande, mkono ukilegea, maneno yakavurugika, au kifua kikabana, hapo hakuna kukupigia wewe, ni hospitali dakika hiyohiyo.

Kwa hao wa picha za usiku, weka utaratibu mmoja na uurudie neno kwa neno kwa kila mtu, awe mjomba awe jirani: "Bado sijaruhusiwa kutibu, nikikosea utaumia wewe. Niambie unajisikiaje nikusaidie kujua uende wapi na uulize nini." Mtu mzima ukimwambia kwa adabu hivyo anaelewa, na asiyeelewa ataringiwa tu hamna namna. Usijibu picha ya kidonda kwa jina la dawa hata kama una uhakika, maana picha haionyeshi kama mtu ana kisukari, ana mimba, au anameza nini kingine.

SWALI: Dokta mi nasoma udaktari nje, nchi ambayo malaria hawana kabisa. Nimerudi toka nyumbani kama wiki mbili na nusu zilizopita, juzi homa imeanza, kichwa, mwili kuuma. Nimeenda kwenye kliniki ya chuo wakasema ni mafua ya msimu, nimepewa panado. Nina dawa za malaria zilizobaki kwenye begi, nimeze? – Mbali na nyumbani

JIBU: Barua yako nimeijibu moja kwa moja siku ileile nilipoipata, hapa naiweka kwa ajili ya wengine walio kwenye hali hiyo.

Usimeze za kwenye begi. Rudi hospitali leo, siyo kesho, na mlangoni kabisa kabla hujakaa sema kwa sauti: "Nimetoka eneo lenye malaria wiki mbili na nusu zilizopita, nina homa, naomba nipimwe malaria sasa hivi." Daktari wa nchi isiyo na malaria anaweza kumaliza miaka bila kumuona mgonjwa hata mmoja, akili yake haiendi huko usipoipeleka wewe. Na hesabu yako inaangukia pabaya, dalili kwa kawaida huanza siku ya 7 kwenda mbele baada ya kuumwa na mbu, mara nyingi kwenye wiki ya pili. Ile malaria ya aina ya falsiparamu, ambayo ndo inayoua zaidi, wengi inawatokea ndani ya miezi mitatu ya kwanza, na ya aina ya vivaksi inaweza kujificha kwenye ini ikakuibukia hata mwaka baadaye.

Alafu kuna kile kitu cha "mi nimezaliwa na malaria, hainifanyi kitu". Ile kinga ya mtu aliyekulia kwenye malaria inalishwa na kuumwa mara kwa mara, ukikaa nje inapungua, kwa hiyo likizo ukarudi nyumbani ukalala bila neti kama zamani mbu anakukuta mgeni. Wanaorudi kutembelea kwao ni kundi linaloongoza kupata malaria ya kusafiri nayo, kwa sababu hiyohiyo ya kujiamini. Kipimo cha kwanza kikisema huna na homa ipo, omba kirudiwe, kawaida damu inaangaliwa mpaka mara tatu, kwa kupishana saa 12 hadi 24. Ukimeza hizo za begi kabla ya kupimwa unaweza kuwazima wadudu nusunusu, kipimo kikakosa, ukabaki unaumwa na hakuna anayejua nini.

SWALI: Mambo dokta, nina maswali mawili ya haraka. Chanjo ya homa ya ini B nilidungwa mbili, ya tatu ilikuwa ianguke katikati ya likizo nikaipitisha kama miezi mitatu, je naanza upya? La pili, sijatoa damu mtu tangu tufunge, mkono unatetemeka, na kuna mwenzetu alijichoma sindano wiki ya kwanza tu ya kurudi akaogopa kusema. – Mkono mzito

JIBU: Huanzi upya. Zile mbili zinahesabika, nenda kadungwe ya tatu wiki hii. Ratiba ya kawaida ni siku ya kwanza, mwezi mmoja, miezi sita, na kuchelewa hakuifuti chanjo, shida ni kwamba kipindi chote hicho ulikuwa huna kinga kamili na unaingia wadini. Mwezi mmoja hadi miwili baada ya ya tatu omba upimwe kinga kwenye damu, ikifika 10 (mIU/ml) na kuendelea uko salama, na jibu lake lihifadhi maana utaulizwa kila unapoenda kufanya kazi.

Kwa huyo mwenzenu nisomee hii kwa sauti bwenini. Ukijichoma, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, usikamue, usinyonye, usimwagie jiki, halafu toa taarifa palepale hata kama bosi ni mkali. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72 na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake, hazingoji umalize kuona aibu, na zinamezwa siku 28 bila kuruka. Huyo mwenzenu kama hizo saa bado hazijamwishia aende sasa hivi, na kama zimemwishia bado aende akapimwe na apangiwe tarehe za kurudia. Amwambie pia mtu wa chanjo, maana homa ya ini B inaambukiza kwa sindano kirahisi kuliko VVU.

Kuna stori moja kila mwanafunzi angetakiwa aijue kabla hajapewa koti. Vienna 1847, hospitali ina wadi mbili za wazazi, moja wanafundishwa wanafunzi wa udaktari na nyingine wakunga, na ile ya wanafunzi akina mama walikuwa wanakufa kwa homa ya uzazi zaidi sana, mpaka mama akipangiwa huko alikuwa anaomba apelekwe ya pili. Ignaz Semmelweis alihangaika kutafuta sababu hakupata. Mpaka rafiki yake, Jakob Kolletschka, akachomwa na kisu cha mwanafunzi wakati wa kupasua maiti, akaumwa akafa, na maiti yake ilipochunguzwa ikaonyesha mambo yaleyale waliyokuwa wanayaona kwa wale akina mama. Hapo ndo akaelewa, wanafunzi walikuwa wanatoka mochwari na mikono yao wanaenda moja kwa moja kuwapima wajawazito. Akaweka maji ya klorini mlangoni, kila mtu anawe. Vifo vilikuwa karibu asilimia 18 mwezi Aprili, ilipofika Juni viko kama asilimia 2. Na alipigwa vita hata hivyo! Nakuambia haya kwa sababu wiki ya kwanza baada ya likizo ndo wiki ambayo mikono imesahau mazoea, unakuta mtu anatoka kitanda kimoja kwenda kingine anaongea habari za nyumbani, kunawa hakuna.

Mkono kutetemeka utaisha. Anza kwenye ule mkono wa plastiki wa maabara ya mazoezi, kisha omba usimamiwe kwa wagonjwa wenye mishipa inayoonekana. Kabla hujatoboa panga kila kitu upande wa mkono unaoutumia na boksi la sindano lisogeze karibu uweze kulifikia bila kupiga hatua, mchomo mwingi unatokea sindano ikiwa imeshatumika mtu anatafuta pa kuitupia au anajaribu kuirudishia kifuniko. Ukikosa mara mbili, mpishe mwingine. Mkono wa mgonjwa siyo wa mazoezi.

SWALI: Nimerudi wiki tatu sasa dokta na bado sijarudi. Asubuhi siwezi kutoka kitandani, darasani nakaa nyuma, chakula hakipiti, vitu nilivyokuwa navipenda havina ladha, usiku nalia bila sababu. Wanasema ni kukumbuka nyumbani tu itapita. Kuna siku nawaza bora nisingeamka. – Hana jina

JIBU: Ndugu yangu, asante kwa kuandika, hasa ile sentensi ya mwisho, najua haikuwa rahisi.

Kukumbuka nyumbani kupo na kunauma, ila mara nyingi kunakuja na kuondoka, saa hii unalia saa ile umecheka na rafiki. Unachokieleza ni kitu kingine. Wiki mbili na zaidi, karibu kila siku, moyo uko chini, vitu havina ladha, usingizi na chakula vimeharibika, huo ni ugonjwa wa sonona mpaka uthibitishwe vinginevyo na unatibika. Na hauko peke yako hata kidogo, mwaka 2016 ilichapishwa kazi kubwa iliyokusanya tafiti za wanafunzi wa udaktari kutoka nchi 43, kama asilimia 27 yao walikuwa na sonona au dalili zake. Kilichonikera mimi ni namba nyingine ya mulemule, kati ya waliokutwa na dalili ni kama asilimia 16 tu ndo walitafuta matibabu. Watu wanaosomea kutibu!

Kwa kuwa umefika kuwaza usingeamka, nakuomba usingoje kliniki ya wiki ijayo. Leo hii mwambie mtu mmoja, unayelala naye chumba, dada, mlezi wa wanafunzi, yeyote, mwambie maneno hayohayo uliyoniandikia bila kuyapamba, na akusindikize hospitali. Kama wazo likikujia na namna ya kulifanya, hiyo ni dharura kama ya mtu anayetoka damu, nenda mapokezi ya dharura usiku huohuo na usikae peke yako. Ukiogopa kuonekana na wakufunzi wako, sema hivyo, omba upelekwe kituo kingine, ni ombi la kawaida tu. Masomo yana kuahirisha mwaka, na wapo madaktari wazuri sana waliowahi kuahirisha na hakuna mgonjwa aliyewahi kuwauliza. Niandikie tena ukishamuona daktari, nitasubiri.

SWALI: Dokta, mwaka wa kwanza hapa. Kabla ya likizo nilishazoea chumba cha maiti, nimerudi ile harufu imenipiga upya nikaona giza nikashikwa na wenzangu. Nimechagua kazi isiyo yangu? – Niliona giza

JIBU: Hapana bana. Presha na mapigo ya moyo vilishuka ghafla, inatokea kwa wengi, na wapo mabingwa wa upasuaji iliyowatokea. Ingia umekula na umekunywa maji, usisimame magoti umeyakaza muda mrefu, ukianza kuona joto na kichefuchefu kaza mapaja na ngumi, toka nje, lala chini miguu juu. Usijitie ushujaa wa kubaki umesimama, kinachoumiza ni kichwa kugonga sakafu. Formalini inachoma macho kweli, kama unavaa lenzi za macho zivue uvae miwani, na simama upande wa dirisha.

SWALI: Dokta usicheke. Likizo nimenenepa, koti jeupe halifungi vifungo na raundi ni Jumatatu. – Vifungo vimegoma

JIBU: Nimecheka. Azima la mwenzako mkubwa hiyo Jumatatu, usivae lililobana maana huwezi hata kuinua mkono kupima mapigo. Na ukitafuta jipya usihangaike na la mikono mirefu, ile mikono ndo inayogusa kila shuka, England hospitali za serikali walishaachana na mikono mirefu kwa wanaohudumia wagonjwa tangu 2008. Chukua mafupi mawili, moja liwe linafuliwa. La zamani mpe mwaka wa kwanza, lakini toa kwanza yale madesa yaliyoko mfukoni.